Jina Chini ya Viti

Kwa mnaoanza kunisoma leo, poleni, mmekuta msiba tayari. Wale wa tangu mwanzo wanajua yaliyonipata mimi Mahmoudi: nilifukuzwa kazi kwenye duka la vipuri vya pikipiki, mke wangu akaondoka na godoro, na kwa akiba yote iliyobaki nikanunua viti mia na ishirini vya plastiki ili nivipangishe kwenye harusi na matanga ya hapa Kisangani. Wiki iliyopita niliishia pale mwanamke aliyevaa nguo nyeusi alipoingia uani kwangu, Kabondo, akataka viti vyote kwa siku tatu. Nikamwuliza jina la marehemu, ili pole yangu iwe na heshima.

"Ni bwana yangu," akasema. "Évariste Lokwa."

Nikampa pole. Kisha nikamwomba anisubiri kidogo, nikaenda nyuma ya nyumba, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Msinihukumu haraka. Évariste huyo alinikalia mwaka mzima wa darasa la tano, na sisemi kwa mafumbo. Saa ya mapumziko, nyuma ya darasa, aliniamuru nipige magoti na kuweka mikono chini, kisha akaketi mgongoni mwangu akila mikate, yale maandazi madogo ya mafuta. Alikula taratibu. Watoto wengine walikuja kumsalimia, wakamwuliza habari za nyumbani. Mimi hakuna aliyenisalimia, maana nani anasalimia kiti?

Hayo yalipita miaka ishirini na saba iliyopita. Watu husema ya utoto huisha na utoto. Watu hao hawajanialika chakula. Mpaka leo siwezi kukaa kitini mtu mwingine akiwa amesimama. Kwenye karamu nakula nimeegemea mlango. Na mtu mwenye sauti nzito akiniuliza swali lolote, mimi hujibu "ndiyo" kabla akili haijafika.

Pale dukani tajiri wangu aliuliza, kwa sauti, kama ni mimi niliyeiba zile pistoni. Nikajibu ndiyo. Mke wangu naye aliniuliza kama nina mwanamke mwingine. Kwa kawaida ana sauti nyembamba, lakini wiki ile alikuwa na mafua.

Sasa nikiri jambo ambalo wiki zote hizi nimelikwepa.

Mtu akipangisha viti, lazima aandike jina chini ya kila kimoja. Kwenye matanga makubwa viti hutoka kwa wenyewe watatu au wanne, rangi ni ile ile, na siku ya kuvirudisha hupinduliwa kimoja kimoja: hiki cha fulani, hiki cha fulani. Hakuna mkataba wala muhuri. Jina chini ya kiti ndilo karatasi ya mali, na mji mzima unaliheshimu. Jean-Paul, jirani yangu wa kazi hii, anaandika J.P. kwa rangi nyekundu na hajawahi kupoteza hata kimoja.

Risiti sikuwa nayo. Mchungaji aliyeniuzia viti alikuwa anawakimbia waumini wake, ambao waligawanyika makundi mawili, na nilikuja kusikia baadaye kwamba viti vilikuwa vya kundi la tatu. Kwa hiyo jina lilikuwa na kazi kubwa.

Nikanunua kopo la rangi nyeupe na brashi. Nikapindua kiti cha kwanza, nikainama kuandika MAHMOUDI. Mkono ukagoma. Nikakitazama kile kiti, kimepiga magoti kwangu, na nikajikuta naandika jina jingine kabisa: ÉVARISTE LOKWA.

Nikarudi nyuma nikatazama. Ilikuwa tamu. Nikaandika cha pili, cha tatu, na kwa siku mbili nikamaliza vyote mia na ishirini. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo kama ule.

Mjue tu kwamba tangu hapo sikukosa harusi hata moja niliyopeleka viti. Nilisimama pembeni nikiwaangalia watu wa Kisangani wanavyomkalia Évariste, wake kwa waume, wakwe kwa mashemeji. Kuna mama mmoja wa soko kuu, mwenye mwili wa kutosha, nilikuwa namtafutia kiti mimi mwenyewe na kumfutia vumbi. Alidhani namtaka.

Mwenye akili ameshaona shimo liko wapi. Mimi nilikuwa naona makalio tu.

Siku ile mjane alipokuja, nilikuwa na saa nne nzima za kufuta majina. Nilishika hata kitambaa na mafuta ya taa. Halafu nikafikiri: watu mia na ishirini watakaa kumlilia huku wamemkalia. Nikakirudisha kitambaa mahali pake. Nilijipanga kwamba siku ya kuvirudisha nitakuwa wa kwanza pale, nitavipanga mwenyewe, na hakuna atakayeinama kusoma.

*

Matanga yalikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Mjane, Mama Agathe, alikaa juu ya mkeka na kanga nyeusi kichwani, hatazami mtu. Mwenye amri pale alikuwa baba mdogo wa marehemu, Tonton Timothée, aliyefika kutoka Isangi kwa boti asubuhi ile, tumbo mbele, taulo shingoni.

"Wewe njo mwenye viti?" akaniuliza, yaani kama mimi ndiye.

Sauti ile niliijua. Évariste aliirithi upande wa baba.

"Ndiyo, tonton."

"Marehemu ulimujua?"

"Ndiyo, tonton. Tulisoma pamoja primaire, darasa la tano."

"Donc mulikuwa marafiki."

Halikuwa hata swali, lakini nililijibu. "Ndiyo, tonton."

"Marafiki ya sana!" ikasema sauti nyuma yangu.

Ni mama yangu. Mama Ramla hakosi matanga yoyote ya Kabondo, awe amealikwa au hakualikwa, amjue marehemu au asimjue. Huyu alimjua. "Évariste alikuwa anakuja kwetu kila samedi," akamwambia tonton. "Mutoto ya adabu! Haingie ndani bila kusema bonjour mama."

Ni kweli kabisa. Kila Jumamosi alikuja, akasema bonjour mama, akala sambusa zetu, na mimi nikakaa mlangoni nikiomba aondoke. Mama alikuwa ananichapa kila wiki kwa sababu ya magoti machafu, na akimaliza ananionyesha Évariste, ambaye suruali yake ilikuwa safi siku zote. Ilikuwa safi kwa sababu hakuwa anakaa chini.

Sikuwahi kumwambia mama. Mwanzoni niliogopa, baadaye niliona haya, na mwishowe miaka ikawa mingi mno. Leo ana sukari na presha, na kila Ramadhani anamtaja Évariste kama mfano wa watoto wa zamani waliolelewa.

"Alors," akasema Tonton Timothée, "rafiki ya utoto atabeba sanduku. Wewe mbele, upande ya kuume."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimekuja na viti tu.

"Ndiyo, tonton," nikasema.

Basi nikambeba. Kutoka nyumbani mpaka kwenye lori, na kutoka lori mpaka kaburini, na Évariste alikuwa amenenepa tangu darasa la tano. Mama yangu alitembea kando yangu akinipangusa jasho na kuwaambia watu, "Muone namna anamupenda."

*

Wakati mimi niko makaburini chini ya Évariste, Jean-Paul alikuja na mkokoteni kuchukua viti vyake thelathini, ambavyo Tonton Timothée alikuwa ameongezea kwa wageni. Viti vile vilitakiwa kwenye harusi mchana ule ule. Kwa hiyo akaanza kupindua kimoja kimoja kutafuta J.P.

Tuliporudi, ua ulikuwa kimya kuliko wakati wa maombi. Viti vimelala chali uwanja mzima. Jean-Paul amesimama katikati, ameshika kimoja mguu.

"Mahmoudi, ndeko, ndugu yangu," akasema, "ni nini hii?"

Tonton Timothée akakichukua. Akasoma. Akachukua kingine, akasoma. Akatembea kutoka kiti hadi kiti, anasoma kila kimoja kwa sauti, jina la mwanawe mara nane, mara tisa, na akina mama wakaanza kulia upya.

"Mahmoudi."

"Tonton."

"Hizi viti ni ya Évariste?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa kweli: hapana, tonton, ni vyangu, niliandika jina la mwanao ili watu wamkalie, kwa sababu naye alinikalia. Siku ya mazishi yake, mbele ya mjane wake, na mama yangu amesimama hapo na kitambaa cha jasho langu mkononi.

La pili nalijua kwa moyo.

"Ndiyo, tonton."

Kelele zilizofuata sitazisahau. Shangazi mmoja akajitupa chini. "Alinunulia rafiki viti!" akalia. "Alimupa kazi na hakusema kwa mutu! Évariste, moyo gani hiyo!" Mwingine akaapa kwamba yeye alijua siku nyingi, Évariste alikuwa mtu wa kutoa kwa siri. Tonton Timothée akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Na wewe umesema ukweli," akaniambia huku machozi yanamtoka. "Mwingine angeiba. Wewe iko mutu mwaminifu."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusifiwa kwa uaminifu. Akamalizia kwa kunitaka nirudishe pesa ya kupangisha, kwani mtu hapangi mali yake mwenyewe.

Mama alisubiri tufike nyumbani.

"Uliniambia ni viti yako," akasema.

"Mama..."

"Kumbe ni Évariste alikuokota. Na umenificha. Mutoto ya watu anakufanyia mema, unamukalia kimya! Hauna haya, Mahmoudi?"

Nikamwambia ninayo. Hapo sikudanganya.

*

Asubuhi iliyofuata Mama Agathe alikuja peke yake. Sikuwa na kiti cha kumpa, vyote viko kwake, basi tukasimama wote wawili chini ya upenu.

"Papa Mahmoudi," akasema, "zile viti si ya Évariste."

"Ni yake, mama."

"Nimeishi na yeye miaka kumi na moja. Évariste hakununulia mutu kitu. Hata mutoto yake akitaka cahier ya masomo, ni mimi nauza pondu, majani ya muhogo, ndio nanunua."

"Pengine alikuwa anafanya kwa siri."

Akacheka, cheko fupi, la kwanza nililolisikia kwake. Kisha akafungua ncha ya kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanionyesha. Ilikuwa risiti ya cherehani. Juu yake limeandikwa jina la Évariste Lokwa.

"Machine hii nilinunua mimi," akasema. "Miaka tatu ya pondu kwa soko. Yeye njo alienda kwa duka kuichukua, akaandikisha jina yake. Nikimuuliza, ananipiga. Sasa kesho familia inakaa, wanagawa vitu. Wanabeba frigo, wanabeba pikipiki. Bon, wabebe. Lakini machine ni mikono yangu, Papa Mahmoudi. Bila ile, mi na watoto tunakula nini?"

Nikaisoma tena ile risiti.

"Tonton Timothée anasema mi naongopa," akaendelea. "Anasema kama mutu yenye alinunulia rafiki viti ya bure, atashindwa namna gani kununulia bibi yake machine? Unasikia? Ni viti yako njo inaninyanganya machine yangu."

Nilisikia. Nilikuwa nimefikiri uongo wangu unaniumiza mimi peke yangu, na huo ni uongo ninaoumudu, nimeuzoea.

"Sema tu ukweli mbele ya watu," akasema. "Sema viti ni yako. Watu wakijua kama jina ya Évariste iliandikwa kwa kitu isiyo yake, watanisikia na mimi. Wewe sema yako, mi nitasema yangu."

"Nitasema," nikamwambia.

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Akafunga risiti katika kanga, akaondoka. Hakuniuliza kwa nini jina la mumewe liko chini ya viti vyangu. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, na nikamwona mwanamke mwenye adabu kubwa, asiyechokonoa mambo ya watu.

Siku nzima nilifanya mazoezi mbele ya ukuta wa nyumba. Viti ni vyangu. Jina niliandika mimi. Maneno sita tu. Ukuta ulinielewa kila mara.

*

Siku ya kikao bâche, lile turubai la matanga, ilikuwa bado imetandazwa na watu wamejaa. Wote wamekalia viti vyangu, isipokuwa mimi, niliyesimama karibu na nguzo. Mama yangu alikuwa safu ya pili, amevaa kitambaa chake cha Idi. Tangu mazishi kila mtu pale alimwita mama wa yule rafiki, na alikuwa anaanza kukizoea cheo.

Tonton Timothée alishika maikrofoni ya wahubiri, ambayo kwa sauti yake haikuwa na haja. Akaita vitu kimoja kimoja. Friji, kwa dada mkubwa wa marehemu. Pikipiki, kwake mwenyewe, kwa sababu ya njia mbaya za Isangi. Magunia ya mpunga ambayo Évariste alikuwa ameleta kutoka Banalia, kwa wajomba.

"Viti mia na makumi mbili," akasema, "vitabaki mali ya familia. Na Mahmoudi, juu ya vile iko mwaminifu, ataendelea kuvipangisha, na kila mwezi ataleta Isangi pesa yenye imepatikana."

Watu wakapiga makofi. Mama yangu alipiga zaidi ya wote. Hivyo nikawa mfanyakazi wa viti vyangu mwenyewe, chini ya Évariste, naye yuko kaburini.

"Machine ya kushona," akaendelea tonton, "itaenda kwa shangazi Marie-Jeanne."

Mama Agathe akasimama kutoka mkekani. "Tonton, machine ni yangu."

"Facture iko na jina ya nani?"

"Ya Évariste. Lakini pesa ilikuwa yangu."

"Mama Agathe." Sauti ikashuka, ikazidi kuwa nzito. "Mutu yenye alinunulia rafiki viti mia na makumi mbili, atashindwa kununulia bibi yake machine moja? Usiharibu jina ya marehemu mbele ya watu."

Minong'ono ikapita safu hadi safu. Mtu mmoja akasema mjane huyu hana shukrani. Mwingine akasema ndiyo maana mwenzake amekufa mapema.

"Muulize Papa Mahmoudi," akasema Mama Agathe. "Mbele ya watu yote. Leo atasema."

Vichwa vyote vikageuka kwenye nguzo yangu.

Niliapa moyoni. Nilimwona yule mama na kanga yake yenye risiti ndani, na nikasema leo, Mahmoudi, hata kama dunia inapasuka, leo utasema. Nikapiga hatua moja mbele. Nikavuta pumzi.

"Viti..." nikaanza.

"Eeh, viti!" akanguruma Tonton Timothée, na maikrofoni nayo ikanguruma. "Viti ni ya nani, mwana? Ni ya Évariste, si vile?"

"Ndiyo, tonton."

Nilisikia lile neno likitoka katika vipaza sauti viwili, kwa sababu alikuwa amenisogezea maikrofoni mdomoni.

Mama Agathe hakulia. Alinitazama tu, na macho yale niliyajua. Ndiyo niliyokuwa nawatazama nayo watoto waliopita nyuma ya darasa, wakaniona na wakaendelea kupita. Aibu iliyonishika ilikuwa ngeni kwangu. Maisha yangu yote nimebeba aibu ya kuonewa. Ile ya kuonea sikuwahi kuionja, na nawaambia ni chungu kuliko hiyo nyingine.

"Bon," akasema Mama Agathe.

Akatembea mpaka kwa Tonton Timothée. Hakuomba. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili akaivuta, na tonton, ambaye hajawahi kunyang'anywa kitu na mwanamke, akaiachia kwa mshangao.

"Papa Mahmoudi iko na woga," akasema. "Simulaumu. Mi pia nilikuwa na woga, miaka kumi na moja. Alors, yenye yeye anashindwa kusema, nitaisema mimi. Mi naijua yote."

Nikamtazama mama yangu.

"Kila Noeli," akaendelea, "wageni wakisha kula, Évariste alikuwa anasimulia habari moja, watu wanacheka mpaka wanashika tumbo. Kila mwaka ile ile. Habari ya primaire ya tano. Mwaka huu alipolala mugonjwa, mutu akamuambia kama Mahmoudi anapangisha viti. Alicheka mpaka akakohoa. Njo pale nilijua nitakuja kuchukua viti kwa nani."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuniuliza juu ya lile jina. Adabu haikuwamo. Alijua tangu kiti cha kwanza kilipopinduliwa.

"Mama Agathe," nikasema, "tafadhali, hapana."

Lilikuwa jibu langu la kwanza siku ile ambalo si ndiyo, na hakuna aliyelisikia, kwa sababu maikrofoni alikuwa nayo yeye.

Hakuniangalia. Aliangalia safu ya pili.

"Mama Ramla," akasema kwa upole, "ni wewe nataka usikie. Ikala muzuri kwa kiti."

Na mama yangu, ambaye alidhani anakwenda kusikia sifa nyingine za Évariste, akatabasamu, akajifunga vizuri kitambaa chake cha Idi, na kusogeza kiti mbele.